Bodi ya Hilux juu ya chasisi ya Land Cruiser 75, kazi ya uani Tororo: usikate chasisi, sogeza bodi

Fundi_Tororo

Wakuu, habari za huko mliko. Kila mara mtu anapouliza namna ya kuvisha bodi ya pikapu ndogo kwenye chasisi ya gari kubwa, majibu yanaanza na grenda: kata chasisi, ifupishe, iunganishe, endelea. Naanzisha uzi huu kupinga hilo kwa nguvu zangu zote. Kazi tumeifanya nyumbani, uani, mimi na mdogo wangu na vijana wa gereji ya jirani. Gari liko barabarani, linashusha kahawa na vitunguu kutoka mlimani mpaka Mbale, na chasisi yake haijakatwa popote kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Kwanza mjue nilikuwa na nini. Hilux LN106 ya mzee wangu, kabini moja, ile familia iliyotengenezwa kati ya 1988 na 1997. Bodi nzima, milango inafunga kwa kidole kimoja, lakini chasisi ilikuwa imepasuka kwenye mabano ya springi za nyuma na kutu imeila kwa ndani. Chasisi ya boksi ikioza kwa ndani huioni kwa macho. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Upande wa pili nikapata Land Cruiser HZJ75 lililopinduka. Kabini imelala chini kabisa, hakuna cha kunyoosha pale, ila injini ya 1HZ, giaboksi, transifa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na ekseli zote mbili ziko sawa.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuagiza pikapu nyingine Japani. Tangu 2018 sheria yetu hapa Uganda hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Pikapu hizi za zamani zenye springi za majani mbele na nyuma, injini isiyo na kompyuta, hazitaingia tena. Zilizobaki nchini ndizo hizi hizi, na mimi naona kuzitunza ni kazi ya heshima.

Sasa kiini cha jambo. Hilux LN106 kutoka katikati ya ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni milimita 2850. Land Cruiser 75 ni 2980. Tofauti ni milimita 130. Hapo ndipo watu wanashika grenda. Subirini. Pikapu ya namna hii haina bodi moja, ina mbili: kabini na madigadi yake mbele, na bodi ya mizigo nyuma, kila moja imefungwa kwenye chasisi peke yake. Basi weka kabini ili gurudumu la mbele likae katikati ya dirisha la digadi. Halafu chukua bodi ya mizigo uirudishe nyuma milimita 130, mpaka tao lake likae sawasawa juu ya ekseli ya nyuma. Nafasi kati ya kabini na bodi inaongezeka kwa hizo 130, na hiyo ndiyo gharama yote. Sisi tuliiziba kwa fremu ya bomba ya kulinda kioo cha nyuma, na chini yake bati la madoa. Anayepita anadhani lilitoka kiwandani hivyo.

Kuna faida ya pili ambayo watu hawaifikirii. Bodi ya mizigo ikibaki na nafasi yake ileile kuhusu ekseli ya nyuma, uzito wa gunia unakaa pale pale mwenye kuunda gari alipoutaka. Ukifupisha chasisi halafu ukakosea kidogo mahali pa bodi, mzigo unahamia nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi, na usukani unaanza kuelea ukipanda mlima. Barabara ya kwenda Budadiri au Kapchorwa si mahali pa kujifunza hilo.

Mlima_Elgon

Mkuu nimekupata vizuri sana. Mimi nina kibodi cha Hilux pia, na hapa Mbale kuna chasisi ya Isuzu Elf inauzwa bei ya chuma chakavu. Ni imara kuliko hiyo ya Cruiser. Je, hesabu hiyo ya kusogeza bodi inafanya kazi?

Fundi_Tororo

Mlima_Elgon, ndugu yangu, hapana, na bora nikwambie kabla hujatoa pesa. Elf, Canter, Dyna, zote ni magari ambayo dereva anakaa juu ya injini. Miguu ya dereva iko juu au mbele ya ekseli. Kwenye Hilux dereva yuko nyuma ya ekseli na injini iko mbele yake chini ya boneti. Ukishusha kabini ya Hilux kwenye chasisi ya Elf na tairi la mbele likakaa mahali pake, injini inatokea sakafuni katikati ya viti. Itabidi uhamishe injini, giaboksi, propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), boksi la usukani na pedali. Wakati huo umejenga gari jipya kabisa, na kila kiungo ulichojenga kinahitaji mtu wa kukipima. Chasisi ya Elf kuwa nene hakukusaidii kitu kama kila kilichofungwa juu yake kimehama.

Kanuni ninayofuata mimi: chasisi unayoitafuta iwe ya gari lenye boneti, usukani upande uleule, na difu ya mbele (lile boksi la gia kwenye ekseli) iwe upande uleule transifa inakotolea nguvu. Ukichanganya transifa ya gari moja na ekseli ya lingine, angalia hili kabla ya yote, maana difu ikiwa kulia na transifa inatoa kushoto hakuna propela itakayokuokoa. Mimi sikuwa na shida hiyo kwa sababu nilichukua chasisi na kila kilicho chini yake kama kilivyo.

Na kuna vipikapu vidogo vya zamani ambavyo kabini imechomelewa na sakafu na chasisi kuwa kitu kimoja. Hivyo havivuliwi. Lala chini ya gari uangalie: ukiona bolti na raba kati ya kabini na chasisi, unaweza kuinua. Usipoziona, tafuta bodi nyingine.

Kijana_wa_Kyambogo

Mwalimu, shikamoo. Mimi nasoma ufundi wa magari. Gari lililopinduka, unajuaje chasisi haijajipinda? Huku chuoni tunaambiwa kuna mashine za kupimia. Wewe uani ulitumia nini?

Fundi_Tororo

Marahaba kijana. Swali hili ndilo la kwanza kabisa, na nafurahi limetoka kwa anayesoma.

Tulitumia uzi, timazi, chaki na mpira wa maji wa waashi. Chasisi tuliiweka juu ya stendi za chuma nne kwenye sakafu ya saruji, matairi yakiwa yametolewa. Stendi, si matofali. Tofali hupasuka ghafla bila kukupa dalili, na chini yake kuna kifua cha mtu.

Kisha tukatafuta alama zinazofanana pande zote mbili: bolti ya springi ya mbele kushoto na kulia, bolti ya springi ya nyuma kushoto na kulia. Kutoka kila bolti unaning'iniza timazi, ncha inapogusa sakafu unatia chaki. Ukimaliza unaondoka chini ya gari na kupima chaki zako kwa utulivu. Pima mshazari: mbele kushoto mpaka nyuma kulia, halafu mbele kulia mpaka nyuma kushoto. Mishazari miwili ikilingana, chasisi haijawa msambamba. Mimi sikubali zaidi ya milimita 3 za tofauti.

Hapo umepima kwa upana tu. Gari lililopinduka mara nyingi linasokoteka, yaani kona moja inakwenda juu na nyingine chini, na timazi haitakwambia hilo. Hapo ndipo mpira wa maji unapofanya kazi. Jaza maji, toa mapovu yote ya hewa, shika ncha moja kwenye bolti ya mbele kushoto na nyingine kulia. Maji yanasema kweli. Sawazisha mbele kwa jeki mpaka pande zote mbili zilingane, halafu nenda nyuma bila kugusa jeki. Nyuma ikilingana pia, chasisi haina msokoto. Yetu ililingana. Isingelingana ningeiacha pale pale, maana kunyoosha msokoto kunataka benchi na vifaa vya kuvuta ambavyo uani havipo.

Ssebo_Kisekka

Ssebo, kazi nzuri, lakini niruhusu nikupinge. Sisi hapa Kampala tumefupisha chasisi nyingi. Ukikata kwa mshazari na kuweka bamba ndani na nje, inashika kuliko mwanzo. Kwa nini unawatisha watu?

Fundi_Tororo

Ssebo_Kisekka, nakuheshimu, na najua Katwe na Kisekka kuna mafundi ambao mikono yao naiamini. Sisemi haiwezekani. Nasema anayeuliza hapa yuko nyumbani, na mashine yake ya kuchomelea ni transfoma ndogo ya mtaani, na umeme jioni unashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu. Mtu huyo asikate.

Nieleze kwa nini, maana si woga. Chasisi ya pikapu inapopita kwenye shimo haipigwi mara moja, inapindwa na kurudi, inapindwa na kurudi, siku nzima. Chuma kilichochomelewa kina ukanda pembeni mwa mshono uliopata moto na kubadilika. Ukiweka mshono wima, kukatisha uso wa juu na wa chini wa chasisi, umeweka ukanda huo mahali panapovutwa zaidi. Ndiyo maana bamba la kuunganishia linakatwa ncha zake kwa mshazari kama almasi, ili nguvu isikutane na mstari mmoja. Ndiyo maana pia hutoboi tundu kwenye uso wa juu wala wa chini. Ukilazimika kutoboa, toboa ubavuni, karibu na katikati ya kimo, na ufunge bolti ya daraja 8.8.

Halafu kuna vijiti vya kuchomelea vyenyewe. Duka lolote la vyuma lina 6013, vinawaka kwa urahisi, vinafaa kwa mageti na viti. Kwa mabano ya kabini yanayobeba watu nilitumia 7018 ya milimita 3.2, kwa mashine ya umeme mnyoofu (DC), kijiti kwenye chanya. Kijiti hicho kikinyonya unyevu kinaleta vinyweleo ndani ya mshono na nyufa zinazojitokeza baadaye, wakati wewe umeshapaka rangi. Tororo masika unyevu hauna mfano. Fungua pakiti siku ya kazi, na kinachobaki kifungie kwenye kopo lisiloingia hewa.

Kitu pekee tulichokata kwenye chasisi ni mkia, nyuma ya bano la mwisho la springi, kwa sababu ulikuwa umechomoza zaidi ya mlango wa nyuma wa bodi. Huko hakuna kinachobebwa. Tukarudisha mwamba wa kukatiza ili ncha mbili zisibaki zinacheza.

Mlima_Elgon

Sasa mabano. Ya Cruiser hayawezi kuwa yanalingana na ya Hilux. Na injini? Hiyo 1HZ si ni silinda sita? Boneti ya Hilux itafunga kweli?

Fundi_Tororo

Umegusa penye kazi yenyewe. Kila kitu kingine ni kufungua na kufunga, hapa ndipo tulipotumia siku zetu.

1HZ ni sentimita za ujazo 4164, silinda sita mstari mmoja. Hilux iliandaliwa kwa silinda nne, kama ile injini ya 3L ya sentimita za ujazo 2779 niliyoitoa. Kabla ya kuinua chochote, pima kwenye magari yote mawili kutoka katikati ya ekseli ya mbele mpaka ukuta unaotenga injini na kabini, na kutoka ekseli mpaka rejeta. Ndivyo utakavyojua bati la nani linagombana na chuma cha nani. Kwetu nyuma ya injini iligombana na ukuta. Tukakata kipande cha ukuta katikati, tukajenga kifuko cha bati la milimita 1.5 kinachoingia kabini kati ya miguu ya dereva na ya abiria, tukachomelea mshono mzima bila kuacha pengo, kisha tukapaka mpira wa kuziba. Mshono huo lazima uwe mzima, kwa sababu moshi wa injini ukipenyeza kabini dereva anasinzia bila kujua. Mbele, mwamba wa rejeta ulisogezwa karibu na grili. Boneti inafunga. Chujio la hewa ndilo lililohama ubavuni.

Kabini tuliipandisha na kuishusha kwa winchi ya mnyororo iliyoning'inia kwenye magogo matatu ya kalitusi yaliyofungwa juu. Kabini ikiwa haina milango, viti, vioo wala dashibodi, vijana wanaweza hata kuibeba kwa mikono. Lakini utaishusha na kuipandisha tena na tena kabla haijakaa, na migongo ya watu inachoka kabla ya akili. Mnyororo hauchoki.

Mabano ya zamani ya Cruiser tuliyatoa kwa kusaga mshono wake taratibu kwa diski, si kwa moto wa gesi, ili chasisi isiungue wala isichimbwe. Kisha kabini ikashushwa juu ya vipande vya mbao, ikasawazishwa, tairi la mbele likaangaliwa kutoka ubavuni, pengo la mbele na la nyuma ya tairi likilingana kushoto na kulia. Baada ya hapo ndipo tulipokata makadibodi kwa umbo la kila bano, na kila kadibodi ikawa bamba la milimita 6. Bano liwe boksi lenye mbavu, lisiwe kipande kimoja kilichochomoza kama ulimi. Tuliyashika kwanza kwa vidoto vya kuchomelea, tukainua kabini, tukachomelea wakati kabini haipo. Usichomelee kamwe chini ya kabini yenye raba na mazulia, na betri iwe imeondolewa, na tangi la mafuta liko mbali upande wa pili wa ua.

Raba zenyewe: za kununua zipo. Wengine wanakata mkanda mnene wa mashine za kiwandani, unadumu. Kitu ambacho wengi wanakiacha ni bomba dogo la chuma linalokaa ndani ya tundu la raba. Bolti inakaza bomba, na raba inabaki na pumzi yake. Bila bomba unakaza mpaka raba inakuwa chapati, na kabini inaanza kupasuka kwenye sakafu mahali bolti zilipo.

Nyota_ya_Arua

Kaka, hongera. Mimi nauza spea za umeme wa magari huku Arua. Umezungumza chuma tu, hujagusa waya. HZJ75 nyingi zinazopita mikononi mwangu zina mfumo wa volti 24. Hilux ni 12. Wateja wanakuja kwangu wakiwa wameshaunguza kila balbu na redio. Wewe ulifanyaje?

Fundi_Tororo

Dada, asante sana kwa kulileta, maana hilo linakula pesa za watu. Wakuu, someni alichoandika Nyota_ya_Arua mara mbili. Angalia kibao kwenye stata na kwenye jenereta kabla hujanunua chasisi. Ukikuta betri mbili, usikimbilie kuhitimisha, zinaweza kuwa zimefungwa sambamba na bado ni volti 12. Kibao hakidanganyi.

Hili langu lilikuwa 12, hivyo nilitumia waya za Hilux kwa taa, dashibodi na vifuta kioo, na za Cruiser kwa injini tu. Uzuri wa 1HZ ni kwamba pampu yake ni ya kimakanika. Injini inahitaji waya chache mno: wa plagi za kupashia, wa valvu ya kukata mafuta, wa stata, wa kuchaji, na wa kupima joto na mafuta.

Na kuna waya mmoja ambao mtu anausahau kwa sababu hauwashi kitu chochote. Kabini sasa imekaa juu ya raba, haijagusana na chasisi. Umeme wa taa unatafuta njia ya kurudi kwenye betri. Usipoupa waya mnene kutoka kabini mpaka chasisi, na mwingine kutoka chasisi mpaka injini, utapita kwenye kebo ya eksileta au ya breki ya mkono. Kebo inapata moto, plastiki yake inayeyuka, eksileta inakwama. Mtu anabadilisha kebo, inakwama tena, anasema gari lina jini. Waya wa ardhi, dada yangu, ndiyo dawa.

Nyota_ya_Arua

Umesema kweli kabisa kaka. Kwarua rangi mpaka chuma king'ae pale unapofunga ardhi, paka grisi juu yake. Bolti juu ya rangi si ardhi.

Dereva_Malaba

Mimi si fundi, mimi ni dereva. Nataka kujua usukani na breki. Hivyo viwili ndivyo vinavyonirudisha nyumbani kwa watoto.

Fundi_Tororo

Mzee, hapo ndipo mimi sichezi.

Usukani: boksi la usukani lilibaki mahali pake kwenye chasisi ya Cruiser. Safu ya usukani ilibaki ya Hilux kwa sababu inalingana na dashibodi. Kazi ni shafti ya kati. Shafti ya usukani haichomelewi. Nalisema hili bila kulainisha, hata fundi akuapie. Tafuta shafti yenye meno yanayoingia kwenye boksi, na nyingine yenye meno ya safu, na zikutane kwa krosi (kiungo kinachopinda) iliyotengenezwa kiwandani, na sehemu moja iwe ya kuteleza, ili ajali ikitokea shafti ijifungie ndani badala ya kumsukuma dereva kifuani. Krosi zikiwa mbili, uma zake kwenye shafti ya kati lazima zikae katika uelekeo mmoja. Zikipishana, usukani unakuwa mzito halafu mwepesi kila nusu mzunguko, na utadhani boksi limekufa.

Breki: masta silinda na busta (kinachousaidia mguu kusukuma pedali) nilichukua vya Cruiser, maana vinalingana na silinda zilizoko kwenye magurudumu yake. Ukiweka masta ya gari jepesi kwenye breki za gari zito, pedali inakwenda chini zaidi na huna akiba. Injini ya dizeli haina mvuto wa hewa kama ya petroli, hivyo busta inategemea pampu ya vakyumu. Hozi yake iwe mpya, isiyonyonyeka, na valvu yake ya kuzuia hewa isirudi iwe hai. Paipu za breki zilizokatwa zinakunjwa mdomo mara mbili kwa kifaa chake. Paipu ya breki haiunganishwi kwa kulehemu kwa risasi wala kwa kipande cha hozi na klipu.

Kisha kuna ile valvu ndogo juu ya ekseli ya nyuma yenye kijiti kinachopanda na kushuka na mzigo. Inapima gari limebeba kiasi gani na kuipa breki ya nyuma nguvu inayostahili. Bodi nyepesi ya Hilux inafanya nyuma ikae juu kuliko ilivyokuwa, hivyo valvu inaamini gari ni tupu daima na breki ya nyuma inakuwa dhaifu hata ukiwa na magunia. Watu wengi huikata na kuipita. Usiipite. Rekebisha urefu wa kijiti mpaka gari likifungwa breki likiwa tupu kwenye murramu, magurudumu ya nyuma yasitangulie kukwama kabla ya mbele. Tulijaribia uwanjani, si barabarani.

Ssebo_Kisekka

Hapa nakubali yote. Na vibali? Hiyo gari kwenye kadi ni nini, Hilux au Cruiser?

Fundi_Tororo

Ni Land Cruiser. Namba ya chasisi ndiyo gari. Bodi ni nguo. Nilinunua lile lililopinduka likiwa na kadi yake na hati ya mauzo iliyosainiwa, na namba iliyogongwa kwenye chasisi tukailinganisha na ya kadi kabla pesa haijabadilisha mikono. Kadi ya Hilux hairuki kwenda kwenye chasisi nyingine. Ukikata kipande chenye namba ya Hilux ukakichomelea kwenye chasisi ya Cruiser ili uendelee kutumia namba za zamani, umefanya kosa la jinai, na kwa mtu anayevuka Malaba au Busia ni suala la muda tu kabla gari halijabaki kituoni.

Njia iliyonyooka ni kupeleka gari kwa wakaguzi wa magari wa polisi, wale tunaowaita IOV, walikague. Kisha unaomba mabadiliko ya aina ya bodi na rangi yaingizwe kwenye usajili. Shughuli hiyo zamani ilikuwa URA, mamlaka ya mapato, sasa iko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Zungumza nao kabla hujaanza kukata bati, ueleze unachotaka kufanya. Na kampuni ya bima iambiwe ukweli, maana bima ya gari ambalo halifanani na karatasi zake ni karatasi tu.

Kijana_wa_Kyambogo

Mwalimu, swali la mwisho. Rimu za Hilux zinaingia kwenye habu za 75? Na lipi uliloangalia baada ya gari kuanza kazi?

Fundi_Tororo

Matundu yanalingana: nati sita, duara la milimita 139.7, pande zote mbili. Ukipata Land Cruiser 79 iliyotoka kiwandani tangu 1999, hiyo ni nati tano na haiingii. Lakini matundu kulingana hakutoshi. Zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kushusha jeki, uone rimu haigusi kalipa wala ncha ya fimbo ya usukani. Halafu panda gurudumu moja la mbele juu ya kilima kidogo cha udongo, kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, na mtu atazame ndani ya digadi. Tairi linalogusa bati wakati gari limesimama litakatwa na bati hilo gari likipiga shimo.

Baada ya safari za mwanzo zenye mzigo, rudi chini ya gari na spana. Bolti za raba za kabini zitakuwa zimelegea, raba mpya hujikalia. Kaza zote. Tazama kila mshono wa bano kwa tochi, rangi iliyopasuka kama unywele ndiyo dalili ya kwanza ya ufa. Ndiyo maana mabano yangu niliyapaka rangi nyeupe, na chasisi nyeusi. Elekeza taa za mbele upya ukutani, kwa sababu kabini sasa iko juu na unamulika macho ya wenzako. Na propela: ukisikia mngurumo kwenye mwendo fulani tu, halafu unapotea, angalia pembe ya giaboksi na ya difu kabla hujanunua krosi. Sisi hatukugusa pembe hizo kwa sababu hatukukata chasisi kati ya ekseli.

Kesho kukiwa na jua nitapiga picha za mabano na kile kifuko cha ukuta wa injini na kuziweka hapa, pamoja na vipimo vya kadibodi, ili anayetaka kuanza asikisie.